Ameanguka, Aombewe

14 Februari

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, mgongo mzima, na stoo ya vifaa nzima pia, isipokuwa chupa mbili zilizovunjwa na mhadhiri anayefundisha usalama wa maabara. Hofu yangu iko kwako, na hasa kwenye jicho lako la kushoto. Daktari alisemaje? Usinijibu "tutaona", maana kuona ndiko tunakokuulizia.

Wifi yako anakusalimu. Anasema tungekuwa tunapigiana simu kama watu wengine, na mimi nimemwambia tena kwamba dada yangu haamini mazungumzo ambayo mtu hawezi kuyakunja na kuyaweka chini ya godoro.

Ushirika wetu wa wafanyakazi Wakristo hapa chuoni bado unakutana kila Jumatano, saa saba hadi saa nane mchana, kwenye chumba cha mawe cha idara ya jiolojia. Humo ndani sote ni ndugu, profesa na mfagizi, mpaka saa nane kamili. Halafu vyeo vinarudi, kila kimoja kinamjua mwenyewe. Mimi bado katibu. Walinichagua kwa ajili ya mwandiko, na kwa sababu wasomi hawapendi kuandika kitu ambacho hakitawapandisha daraja.

Mwenyekiti wetu, Profesa wa Hesabu, ameleta utaratibu mpya. Kila hitaji la maombi liandikwe kwa mstari mmoja tu. Anasema Mungu hahitaji maelezo. Nikamwuliza, "Na sisi?" Akanijibu, "Katibu, andika."

Sasa sikia. Unamkumbuka rafiki yangu Taratibu, dereva wa basi la wafanyakazi? Tulimpa jina hilo kwa uendeshaji wake. Miaka ishirini na mbili, basi halina hata mkwaruzo, na aliye na haraka hushuka akatembea. Jumatano iliyopita alisimama, kofia mkononi, akasema:

"Ndugu zangu, niombeeni. Jumapili nimeanguka."

Mama Kopi, yule wa mashine ya fotokopi anayetuongozea nyimbo, akasema "Yesu!" kwa sauti ya mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Ni mara ya kwanza?" Profesa akauliza.

"Ya tatu, tangu mwaka uanze."

"Wapi?"

"Nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa kanisani."

"Nyumbani kwako! Na mkeo anajua?"

"Hajui. Namwogopa kumwambia."

"Ukaanguka kwa muda gani?"

"Dakika mbili hivi. Sina hakika. Baadaye najikuta nimechoka kabisa."

Dada, hapo Mama Kopi alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mimi nikaandika mstari wangu mmoja: *Ndugu Dereva: ameanguka. Aombewe.* Tukaomba. Halafu, kwa mujibu wa katiba, tukamwondoa kwenye zamu ya kukaribisha watu mlangoni. Yaani ameanguka, kwa hiyo tumemsimamisha. Kiswahili kina mambo yake.

Nimesikitika, lakini nisikudanganye, nimeshangaa zaidi. Sikujua Taratibu anaweza kufanya jambo lolote kwa dakika mbili.

Jicho, Dada. Niandikie kuhusu jicho.

Mdogo wako


2 Machi

Kitindamimba wetu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yako hayajapungua, kwa bahati mbaya. Huku tu wazima. Mvua zimechelewa. Zahanati imejaa watoto wenye kikohozi, na mimi, nesi mstaafu waliyemrudisha kazini kwa sababu hakuna mwingine, nashinda dirishani nahesabu vidonge. Mwambie wifi kitambaa alichonitumia ni kizuri.

Sasa hilo la dereva. Nimelisoma mara tatu. Wewe umejisomea karatasi zote za wasomi zinazofungiwa chupa humo stoo, lakini hukujiuliza swali la darasa la kwanza: kuanguka gani?

Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, nimesikia maungamo mengi kuliko mchungaji wako. Mwenye dhambi hupunguza hesabu. Ukimwuliza, ni mara moja tu, tena alisukumwa. Huyu wako kaongeza mwenyewe: mara tatu, hana hakika ya muda, baadaye anachoka. Hiyo si lugha ya mzinzi, mdogo wangu.

Mtazame ulimi. Kama una jeraha pembeni, la meno, niandikie siku hiyo hiyo. Huyo mtu anaendesha basi.

Dada yako


30 Machi

Dada mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Tulikuwa na ukaguzi wa stoo. Mkaguzi alinitafutia kosa siku nne akalikosa, akaondoka amenuna kama mtu aliyealikwa karamu akakuta maji. Wifi yako mzima. Muhula huu umeanza na wanafunzi wengi kuliko viti.

Ushirika unaendelea na hatua. Ulipitishwa ujumbe wa watu watatu kwenda kwa mke wa Taratibu "kumwandaa kwa upole". Walienda Profesa, Mama Kopi na mimi, kwa sababu kila ujumbe lazima uwe na katibu. Profesa alimwandaa kwa hoja tano. Kwenye hoja ya pili yule mama alikuwa ameshaelewa, zile tatu nyingine alizisikiliza huku anakunja nguo na kuzitia kwenye begi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Humu ndani? Kwenye nyumba hii?" Mama Kopi akasema, "Mama, msamehe." Akajibu, "Nimeuliza ni humu ndani." Jioni alikwenda kwa dada yake, mtaa wa pili.

Taratibu alirudi kutoka kuegesha basi akakuta nyumba imepangwa vizuri kupita kiasi.

Kuhusu ulimi, sijapata nafasi. Si rahisi kumwambia mwanaume mzima atoe ulimi.

Hukuniandikia neno kuhusu jicho. Kitambaa ni kizuri, sawa. Cha rangi gani?

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu mkaguzi na ujumbe wenu, na mistari miwili kuhusu ulimi. Nilikulea mimi. Ulipovunja taa ulikuwa unanisimulia habari za paka.

Umeuona, au hujauona?

Dada yako


19 Mei

Dada,

Nimeuona.

Barua yako ilifika mapema, nikaitia mfukoni nikatembea nayo mwezi mzima. Wifi yako aliifua pamoja na suruali, lakini swali lako halikutoka.

Ilikuwa kabla hata sijakuandikia ile ya Machi. Taratibu alikuja stoo mchana kuazima kamba. Alikuwa anaongea, akaacha katikati ya neno. Nikageuka nikidhani ameona nyoka. Uso ulikuwa wake, lakini yeye hakuwemo. Akatoa sauti moja, akaanguka kati ya rafu kama mlango uliong'oka bawaba. Mwili ukakaza, kisha ukaanza kupigapiga sakafuni. Nilichoweza kufanya ni kuondoa chupa. Nimeshika vifaa vya sayansi miaka kumi na tisa, na nilichofanya ni kuondoa chupa. Saa ya ukutani ilihesabu dakika mbili na nusu. Alipofungua macho damu ilikuwa pembeni mwa mdomo. Akauliza leo siku gani. Nikamwambia.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Basi hujaona."

Nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli siku ile kwenye chumba cha mawe. Akakasirika, mara yangu ya kwanza kumwona akiwa na haraka.

"Nilisema! Nilisema nimeanguka. Ninyi wasomi ndio mliosikia mwanamke."

"Ungetusahihisha."

"Nilitaka. Halafu nikatazama, nikamwona Afisa Usafiri amekaa mstari wa mbele, bosi wangu, analia kwa ajili yangu. Nikafikiri, afadhali."

"Afadhali nini?"

"Dhambi husamehewa, ndugu yangu. Ugonjwa hustaafishwa."

Akaniapisha. Nikaapa, Dada. Wewe hukuwepo, hukuona alivyokuwa anajifuta vumbi.

Nilimwambia kuhusu mkewe: angalau mwambie yeye. Akasema mkewe ana mdomo wa wema, atamwambia mchungaji ili amwombee, na mchungaji atamwambia Profesa. "Atarudi," akasema. "Mke husamehe." Nikamwambia kuhusu dawa. Akasema kwenye zahanati ya chuo faili lake litafika ofisini kabla yeye hajafika nyumbani, na hospitali nyingine iko mbali, nani atamwendeshea basi siku hiyo? Na usinitajie methali ya mficha maradhi. Naijua. Yeye pia anaijua, aliitamka mwenyewe huku anacheka.

Jumatano mbili zilizopita alitubu. Alipiga magoti mbele ya kabati la mawe akatubu zinaa ambayo hakuifanya, na alitubu vizuri kuliko walioifanya. Afisa Usafiri alimkumbatia. Mama Kopi aliimba mpaka watu wa jiografia wakagonga ukuta. Nikaandika: *Ndugu Dereva ametubu. Arejeshwe zamu.* Mkono huu huu.

Basi lina viti arobaini na viwili. Kila asubuhi linashuka ule mteremko wa jengo la utawala. Mimi naishi jirani na chuo, huenda kazini kwa miguu, na sasa naona haya kila linaponipita. Ananipigia honi.

Sijui la kufanya. Nisiposema nina makosa, nikisema ni msaliti.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Usijali mwandiko huu mkubwa. Nitakueleza mwenyewe, nimechoka kuulizwa.

Jicho la kushoto limekwisha tangu Januari. La kulia linafuata njia ile ile. Daktari aliniambia niache kazi ya dawa, nikamwambia tutaona. Mwezi uliopita nilimpa mama mmoja vidonge vya mtu mwingine. Vinafanana, vyote vyeupe, vyote vidogo. Alikuwa ameshafika barabarani. Alirudi kwa sababu alisahau mwavuli. Mwavuli, mdogo wangu! Ndipo nikaona chupa niliyomhesabia haikuwa ya dawa yake.

Siku hiyo hiyo nilivua koti la kazi nikalikunja juu ya meza. Hakuna aliyeniambia nivue. Walinibembeleza nibaki, wakasema nitakaa tu niwaelekeze vijana. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kama mgonjwa. Mpaka leo sijui asubuhi nijiite nani.

Sikuambii haya unihurumie. Nilikuwa nakupigia kelele kuhusu basi la mtu, na mimi nimeshika usukani wangu nikiwa sioni. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi.

Sasa nisikilize kama nesi. Ugonjwa huo una dawa, na wengi wakizinywa kila siku hawaanguki tena. Lakini asiendeshe mpaka daktari amruhusu. Hakuna njia ya katikati hapo. Msomee barua hii. Akikataa, nenda kwa mkewe, yeye kwanza. Akishindwa, nenda kwa huyo Afisa. Kiapo chako nitakibeba mimi. Nikifika huko juu nitakuwa na mengi ya kueleza, moja zaidi halitanilemea.

Dada yako


13 Julai

Dada yangu,

Nilisoma barua yako peke yangu kwanza. Sikuweza kufanya kazi siku hiyo. Wifi yako anataka uje ukae kwetu. Chumba cha nyuma kipo, tumekitoa masanduku. Usijibu "tutaona".

Nimefanya yote uliyoniambia, kwa mpangilio wako.

Nilimsomea Taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye mwavuli alifumba macho. Halafu akasema, "Dada yako ana moyo. Mpe salamu zangu. Lakini yeye alikuwa na kazi. Mimi ndiyo hiyo kazi." Akaenda kuosha basi, ambalo lilikuwa safi.

Nilikwenda kwa mkewe, ambaye bado yuko kwa dada yake. Alinikaribisha chai, akasikiliza, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, wewe ni rafiki yake?"

"Ndiyo."

"Ulikuja na wale wengine kuniambia ni mwanamke. Sasa umekuja peke yako kuniambia ni ugonjwa."

"Ndiyo. Tulikosea."

"Natamani sana kukuamini," akasema. "Ndiyo maana siwezi."

Jumatano nilisimama kwenye ushirika. Sikusubiri zamu ya mahitaji. Nikasema Ndugu Dereva hakuzini, ana kifafa, ule ugonjwa wa kuanguka, nimeuona kwa macho yangu, asipande basi tena. Mama Kopi akasema, "Shetani ana mbinu!" Profesa akavua miwani.

"Katibu, kumbukumbu za Februari ziliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Zilisomwa na kuthibitishwa?"

"Zilithibitishwa."

"Na toba ya Mei?"

"Nimeiandika mimi."

"Basi," akasema, kama amefika mwisho wa hesabu ubaoni.

Halafu Taratibu akasimama. Hakuwa na hasira. Ningeona nafuu angekuwa na hasira. Akasema, "Ndugu katibu ananipenda, anataka kunisitiri. Namshukuru. Lakini mimi nimeshatubu mbele zenu, siwezi tena kujificha nyuma ya ugonjwa." Watu walilia, Dada. Daktari mmoja wa falsafa alipenga kamasi. Nikaambiwa niandike kwamba katibu aombewe, na nikaandika, kwa mstari mmoja.

Saa nane nilimfuata Afisa Usafiri ofisini kwake. Pale vyeo vilikuwa vimeshakaa mahali pake. Nikamwomba amtume Taratibu akapimwe.

"Amepimwa Januari," akasema. Akanionyesha karatasi. Mzima. "Na ushirika umempima Mei. Wewe unataka nimwandike nini?"

"Mgonjwa."

"Ana dhambi, tena iliyosamehewa. Dhambi haina fomu."

"Ugonjwa unayo."

"Unayo. Inaanza na sahihi ya mgonjwa." Akainama karibu. "Ndugu yangu, umechoka. Hizo kemikali za stoo, unafungua madirisha?"

Niliandika barua kwa uongozi wa juu. Imerudishwa kwa Afisa Usafiri, kwa hatua zake.

Wewe uliwahi kuvua koti. Mimi sijui ni nguo gani nivue, yote iko kwa mwenzangu, na mwenzangu hataki. Kwa hiyo nimefanya kitu cha kijinga. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi natoka nyumbani kwangu, jirani kabisa na lango la chuo, natembea dakika hamsini kwenda kituo cha kwanza cha basi. Napanda, nakaa kiti cha mbele, ubavuni mwake. Siku ya kwanza alinitazama, akatazama barabara. Nyuma yetu watu wanaongea habari za mitihani, na Mama Kopi anaimba polepole.

Breki ya mkono iko kati yetu. Nimepima kwa macho, naifikia bila kunyanyuka.

Nijibu swali moja tu, kama nesi. Pale mwanzo, kabla hajaanguka, mwili hulegea au hukaza?

Mdogo wako


24 Julai

Mdogo wangu,

Anayeandika ni binti wa jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiongeze baraka.

Hukaza. Mikono hukaza na miguu hukaza. Kama mguu uko kwenye mafuta, unabaki kwenye mafuta, na huwezi kuuondoa, hata mkiwa wanaume wawili. Kwa hiyo usikimbilie breki. Zima injini kwanza. Ukishika breki kabla, basi litaendelea kusukuma.

Usimpigie kelele, hatasikia. Usimvute. Tazama mdomo wake, si macho. Mdomo hutangulia.

Nilikuwa nimemwambia binti aandike neno "usipande". Akaliandika. Nikamwambia alifute. Akalifuta. Nikamwambia aliandike tena, akaweka kalamu mezani akauliza, "Bibi, nishike lipi?" Nikahesabu viti. Usipopanda wewe, watu arobaini na wawili watapanda na hakuna hata mmoja wao anayejua la kufanya.

Amelifuta.

Dada yako